Kabla Hujaandika Kwamba Wewe Ni "Smart"

Jumatatu nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Kakamega. Anaomba kazi ya kujibu simu za wateja wa kampuni ya Marekani, na kwenye barua yake amejieleza kuwa "very smart". Nikamuuliza ana maana gani. "Yaani mimi ni msafi, kaka. Nguo zangu zimepigwa pasi kila siku." Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Neno hilo liliwahi kunitoa chakula mdomoni.

Mwaka 2019 nilikuwa nakaa Kaptembwo, Nakuru, nikimwandikia makala mteja mmoja Mmarekani. Jinsi nilivyompata ni hadithi ndefu, tuiache. Kodi ilikuwa inalipika. Siku moja akanirudishia kazi akisema sikufuata maagizo. Nami kwa heshima zote nikamwonyesha kwamba maagizo yake mawili yalikuwa yanapingana. Akajibu: "Don't get smart with me."

Nilidhani ananiambia nisijipambe, tuongee kirafiki. Nikamwandikia asiwe na shaka, mimi ni "smart" siku zote, ndivyo nilivyolelewa. Hakuniandikia tena. Makala manne niliyokuwa nimemkabidhi sikulipwa, na mwezi ule nilikopa unga dukani. Mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma, maana sikumkosea adabu hata kidogo.

Kosa lilitoka wapi? Nimesomea kijijini Vihiga. Jumatatu asubuhi, gwarideni, mwalimu wa zamu alikagua kucha, kola na soksi. Aliyependeza aliitwa "smart" mbele ya shule nzima na kupigiwa makofi. Jumapili mama alinigeuza huku na huku mlangoni kabla ya kanisa, akasema, "Sasa uko smati." Neno lilishaingia kwetu hivyo: nadhifu, maridadi. Na hatukulibuni, Waingereza nao hulitumia hivyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Kiingereza chako ni kibovu.

Lakini kwa Mmarekani, "smart" kwanza ni mwerevu, mwenye akili. Na ukiambiwa "usiwe smart nami", umeambiwa acha ujeuri, acha kujibizana. Uingereza tena, "look smart" yaweza kuwa amri ya kufanya haraka! Neno ni lile lile.

Nilipotulia nilitafuta asili yake. Katika Kiingereza cha kale lilihusu maumivu, kitu kinachochoma. Kitenzi chake kipo bado: moshi wa kuni mbichi ukiingia machoni, macho "smart". Wajerumani wana ndugu yake, "Schmerz", yaani maumivu. Kutoka kwenye kuchoma likawa ukali, kutoka ukali likawa wepesi, kisha werevu, na unadhifu pia. Ule uchungu wa zamani haujaondoka wote, ndiyo maana bado linaweza kumchoma mtu.

Na sisi tulikuwa na ufunguo nyumbani. Mwite mtu mwerevu, atafurahi. Mwite mjanja, atakutazama kwanza usoni ajue unamsifu au unamwita tapeli. Simu ikiitwa janja hakuna anayekasirika, lakini mwambie baba mkwe kuwa ni mjanja uone. Ningelikumbuka hilo 2019 ningemuuliza yule mteja ana maana gani kabla ya kujibu.

Ndugu zangu, tunaokula kwa maneno, tuache kukimbilia kujibu. Tazama anayesema ametoka wapi. Tazama neno limekaa karibu na maneno gani. Usipoelewa, uliza. Nasema tena, uliza, hata kama unaona aibu, maana aibu ya kuuliza haikukoseshi kodi. Vijana wengi hapa Nakuru na Kisumu wana vipaji kuliko hao wanaowaajiri, halafu wanaangushwa na neno la herufi tano walilofundishwa darasa la pili.

Dada yangu wa Kakamega nilimwambia watu wa simu hawataziona nguo zake, na kujiita mwenye akili barua nzima kunaonekana majivuno. Jana jioni tumelifuta neno hilo. Mahali pake ameeleza jinsi alivyosimamia duka la dawa kwa miaka 3, akifunga hesabu kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Ameituma saa tatu usiku.