Kuolewa ukweni kwa Wagiriki: ile filamu imesema nusu tu

Mdogo wangu, umeuliza kama yale ya kwenye My Big Fat Greek Wedding, ile filamu ya vichekesho ya binti wa Kigiriki anayeolewa na Ian, mtu asiye Mgiriki, ni ya kweli au ni chumvi ya sinema, na kama mchumba wako Mgiriki atakutaka ubatizwe upya kama yule Ian. Nimesoma majibu ya wadau wengine, wengi wanajibu kwa kuitazama filamu. Mimi nimo ndani. Ni Mchaga wa Marangu, niko Toronto, mume wangu ni mtoto wa Wagiriki waliotoka vijijini huko Peloponnese, na tuna watoto. Nitakuwa mrefu kidogo, nivumilie.

Chumvi ipo, ila ni ndogo kuliko unavyodhani. Filamu inajidai iko Chicago, kumbe sehemu kubwa ilipigwa hapa hapa Toronto, na Nia Vardalos, aliyeiandika na kuicheza, ni Mkanada wa Winnipeg. Alianza kwa kusimama peke yake jukwaani akisimulia vituko vya ukoo wake. Rita Wilson, ambaye naye ana asili ya Kigiriki, alikwenda kumwona, akamshawishi mumewe Tom Hanks, wakaitoa kama filamu mwaka 2002. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 360 duniani, na haikuwahi kushika nafasi ya kwanza hata wikiendi moja. Watu walikuwa wanaambiana tu. Mama mkwe wangu anaijua mwanzo hadi mwisho, na ana lalamiko moja: ile nyumba yenye nguzo na masanamu. Anasema imewadhalilisha. Kwake kuna nguzo tu, masanamu hakuna.

Sasa nikwambie pale inapokupotosha. Ian anatoka kwenye nyumba ya baba na mama wakimya, ndugu zake ni wa kuhesabu kwa vidole. Kichekesho chote kimejengwa hapo: mtu asiye na ukoo anamezwa na ukoo. Wewe si Ian. Wewe una mashangazi, una baba wadogo, una mama mkubwa anayepiga simu saa kumi na moja alfajiri kwa sababu hajali saa za Canada. Mtu aliyekulia Kilimanjaro, akaona Desemba magari ya kutoka Dar na Arusha yanavyopanda mlimani kujaza kila boma, hatishwi na sebule yenye binamu wanne wote wanaitwa Yiorgos. Siku walipojaa kunikagua nilisalimia mmoja mmoja hadi jikoni, na waliosumbuka ni wao, kwa kuwa hawakuzoea mgeni anayesalimia kila mtu.

Shida utakayoipata ni nyingine: koo mbili, zote zimezoea kuwa mwenyeji. Hakuna upande unaojua kukaa kama mgeni.

Chukua mahari. Nilipomweleza baba mkwe kwamba kuna posa, kuna mbege (pombe yetu ya ndizi), kuna mbuzi na mablanketi, akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa sana. Akaita mkewe, wakajadiliana, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: baba yako ametenga nini? Nyumba au shamba? Kwao enzi hizo familia ya binti ndiyo iliyotoa mali kwenda kwa bwana harusi, na sheria ya Ugiriki haikuifuta desturi hiyo mpaka 1983. Yule mzee aliondoka kijijini kabla ya hapo, akilini mwake mambo yako vilevile. Kwa hiyo tulikuwa na wazee wawili, mmoja Marangu na mmoja Toronto, kila mmoja anasubiri kupokea. Mume wangu alikaa kwenye simu ya video na baba zangu jioni nzima, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, akajibu kila aliloulizwa, akatuma alichotakiwa kutuma. Baba yake hajaambiwa kiasi hadi leo.

Baba yangu alikuwa na lake. Kwake Mgiriki ni bwana shamba. Kabla ya utaifishaji wa mashamba, walowezi wa Kigiriki walikuwa na mashamba ya kahawa pande za Moshi na Arusha, na ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Alikua akiwaona kutoka upande wa kibarua. Alipofika kwa mara ya kwanza hapa na kusikia kwamba baba mkwe wangu alianza maisha kwa kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Danforth, mtaa wa Wagiriki hapa Toronto, mikono imechubuka kwa sabuni, alinyamaza kitambo. Akaniuliza kwa Kichaga kama huyu ni Mgiriki kweli.

Wazazi walikuja kwa Pasaka, harusi ilikuwa wiki chache baadaye. Kama unaweza kupanga hivyo, panga. Usiku wa Jumamosi Kuu mko kanisani na mishumaa, mkirudi mnakunywa supu ya matumbo ya kondoo iliyotiwa yai na limau. Mama yangu alikunywa mabakuli mawili, akatangaza kwamba inakosa ndizi tu. Asubuhi wanaume wanawasha mkaa uani, mwanakondoo mzima anachomekwa kwenye chuma kirefu, anazungushwa kwa saa nyingi huku anapakwa limau na mafuta kwa fungu la oregano. Pembeni kuna maini na mapafu yamezungushiwa utumbo, nayo yanazunguka. Unajua baba Mchaga akiona mnyama mzima juu ya moto anakuwaje. Hii kwake ilikuwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa wa sherehe zetu. Alivua koti, akashika mkono wa kuzungushia, wakaanza kuelewana kwa ishara.

Kasheshe ilianza nyama ilipokaribia kuiva. Kwetu kila kiungo kina mwenyewe, na hakuna mtu anayegusa kabla mgawaji hajakata. Pale, binamu wa mume wangu anapita na bia mkononi, ananyofoa ngozi iliyokauka, anatia mdomoni, anaendelea na safari. Akaja mwingine. Wakaja watoto! Baba alinitafuta kwa macho, na macho yale nayajua tangu utotoni. Akasema, "Wanakula kabla ya wazee." Kabla sijajibu, baba mkwe alinyofoa kipande cha ubavuni kwa vidole, mafuta yanachuruzika hadi kiwiko, akakipuliza, akakiingiza moja kwa moja kwenye kinywa cha baba yangu. Baba alitafuna polepole. Akapangusa masharubu, akaomba chumvi. Baadaye alichukua kisu akakata nyama iliyobaki kwa utaratibu wa kwetu, na wale wajomba wa Kigiriki walipanga foleni na sahani bila kujua wanapewa kwa cheo.

Nisije nikakudanganya kwamba kila kitu kinafanana. Kelele hazifanani. Kwetu mtoto hampandishii sauti baba yake mbele za watu. Ukisikia hivyo ujue pamevunjika kitu kikubwa. Jioni ileile mume wangu na baba yake waliinuka mezani wakafokeana, mikono juu, mama mkwe akaingilia kwa sauti kuliko wote wawili. Baba yangu akasimama taratibu, akamwambia mama achukue mkoba wake, tusishuhudie aibu ya watu. Ikabidi nimweleze kwamba wanazungumzia gari liegeshwe wapi kesho. Hakuamini mpaka alipoona wanacheka na kumiminiana mvinyo. Waandae wazee wako kwa hilo kabla hawajapanda ndege, maana chakula watakimudu wenyewe.

Majina ya watoto ndiyo niliyoyaogopa zaidi, na hayakuwa na taabu yoyote. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwetu ni hivyo hivyo. Wazee walimaliza kikao kabla sisi hatujafungua mdomo.

Sasa swali lako la ubatizo, maana hapa filamu inawatisha watu bure. Ian alizamishwa kwenye beseni mbele ya ukoo mzima. Wewe hujasema ni dini gani. Kama umebatizwa kwa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, iwe Katoliki, Lutheri (KKKT) au Anglikana, kanisa lao linakubali kuwafungisha ndoa bila kukubatiza tena na bila kukulazimisha uhamie kwao. Padri anataka cheti chako cha ubatizo, kwa hiyo mwandikie mtu wa nyumbani aanze kukitafuta. Ukiamua mwenyewe kuhamia, mara nyingi huku unapakwa mafuta tu. Lakini kama wewe ni Mwislamu, au hujabatizwa kabisa, ndoa ya kanisani haitawezekana ukiwa ulivyo. Itabaki ya serikali, na mchumba wako atazuiwa kushiriki meza ya Bwana. Wazee wataumia kuliko utakavyotarajia. Ugiriki ilianza kuitambua ndoa ya serikali mwaka 1982. Kwa mtu aliyeondoka miaka ya sitini, ndoa isiyo na padri haijafungwa. Ongeeni hilo sasa, wewe na yeye, kabla ya kutafuta ukumbi.

Msimamizi wenu lazima awe Mworthodoksi. Usimchague kwa urafiki wa jana, maana huyo ndiye anayewavika mataji, mara nyingi ndiye atakayembatiza mtoto wenu wa kwanza, na kuanzia hapo ni ndugu.

Ibada yenyewe ni nzuri, ila waelezeni watu wa upande wako mapema. Hakuna viapo. Pete zinabadilishwa mara tatu, mataji mawili yaliyounganishwa kwa utepe yanabadilishwa mara tatu, mnakunywa mvinyo kikombe kimoja, mnaizunguka meza mara tatu huku mnamwagiwa mchele, na hakuna mahali unaulizwa kama unakubali. Mama yangu ni mzee wa kanisa KKKT. Alisubiri swali hilo ibada nzima. Tulipotoka nje alinivuta pembeni, mchele bado umo nyweleni, akaniuliza kama kweli nimeolewa, maana hakusikia mtu akisema ndiyo.

Ukifika usomaji wa Waefeso, kwenye mstari wa mke kumwogopa mumewe, desturi yao ni bibi harusi kumkanyaga bwana harusi mguu, na kanisa zima linanyoosha shingo kuona. Wifi yangu alininong'oneza nitumie kisigino. Nilitumia.

Kitu kimoja filamu haikigusi kabisa, na ningekuwa mnafiki nikikiruka. Kosa la Ian lilikuwa kutokuwa Mgiriki. Wewe na mimi tuna la pili, rangi. Wengi walinipokea vizuri. Lakini kuna shangazi mmoja aliyeuliza mbele yangu, kwa Kigiriki, watoto watafananaje, akidhani sielewi. Mume wangu alimjibu pale pale mezani, na safari hiyo ilikuwa ugomvi kweli, si gari. Hicho ndicho cha kumpima mchumba wako: usitazame shangazi anasema nini, tazama yeye anajibu wakati gani. Akisubiri mpaka mfike kwenye gari ndipo akuombe radhi, mwambie haitoshi. Na jiandae kutajiwa Giannis Antetokounmpo, nyota wa mpira wa kikapu. Mtu akikosa la kusema atakuambia anampenda sana Giannis. Kijana wa watu kazaliwa Athens 1994 kwa wazazi Wanigeria, akapewa uraia mwaka 2013 tu, muda mfupi kabla ya kwenda NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na sasa kila Mgiriki ni mjomba wake. Mimi huwa naitikia tu kwamba anacheza vizuri.

Windex, ile dawa ya kusafishia vioo ambayo baba wa kwenye filamu anaipulizia kila ugonjwa? Kwa mama mkwe wangu dawa ya kila kitu ni spiriti ya kuchua. Mama yangu alimletea mwarobaini. Sasa wana kabati moja na wote wawili hawaniamini mimi na paracetamol. Kuhusu kutemewa mate kama kwenye filamu, usiogope: wao hutema kwa sauti tu, ftu ftu ftu, kufukuza jicho baya. Bibi yangu wa Marangu, alipotubariki mimi na mume wangu, alitema mate ya kweli, kifuani. Mume wangu alisimama bila kupepesa.

Mwisho ni tarehe. Pasaka yao mara nyingi haiendi na yetu: mwaka 2024 yetu ilikuwa 31 Machi, yao 5 Mei. Kwaresima yao yote hakuna harusi, wala tarehe 1 hadi 15 Agosti, na siku za kuelekea Krismasi muulizeni padri. Wenzetu wa Bongo wanapenda kupanga Agosti na Desemba, kwa hiyo kamati yako itagoma. Wape tarehe wakiwa bado hawajaanza kukusanya michango. Na viza ya Canada inataka alama za vidole, wazee wasisubiri mpaka kadi za mwaliko zichapishwe. Ukinijibu dini yako na mji ulipo nitakuelekeza cha kumuuliza padri.