Ukimwambia "usiguse", mpe cha kufanya

Wiki iliyopita kijana mmoja anayejitolea kutoa elimu ya afya mkoani Simiyu aliniandikia. Kwao kuna kipindupindu, na kila akisimama mkutanoni kueleza kwamba aliyekufa kwa ugonjwa huo asioshwe na ndugu nyumbani, wazee wanamzomea. "Dada, wewe umeipitia kazi hii. Niseme nini wanielewe?"

Nimeipitia, ndiyo. Na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnatamani siku moja kijiji kiwataje kwa kuokoa watu, nimeona nimjibu hadharani.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Bukoba Vijijini. Machi 16, 2023, Mganga Mkuu wa Serikali alitangaza kwamba huku kwetu kuna ugonjwa usiojulikana: watu saba wameugua, watano wamekufa. Machi 21, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola. Hizo siku katikati ndizo zilizotuumiza. Wengine walisema ni sumu, wengine wakasema fulani karogwa. Wazee wakakumbuka miaka ya themanini, UKIMWI ulipoingia Kagera ukaitwa Juliana kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikitoka Uganda. Huwezi kuwalaumu. Mkoa huu umewahi kuzika sana, na mwanzoni hakuna aliyejua unazika nini.

Niliogopa, sifichi. Usiku nilikuwa najipima joto kwa siri, na mume wangu akahamia chumba cha watoto bila kuulizwa.

Tukapewa mafunzo mafupi na karatasi. Karatasi yote ilikuwa makatazo: usimguse mgonjwa, usioshe maiti, usishikane mikono, usiingie kwenye mapango ya popo. Ni kweli tupu. Marburg huenea kwa majimaji ya mwili, yaani damu, matapishi, jasho, choo, na maiti inaambukiza sana. Lakini nenda kwa bibi wa Kihaya aliyezaliwa akiona kila mgeni anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, umwambie aache. Atakujibu "sawa mwanangu", ukigeuka tu kikapu cha kahawa kinazunguka.

Nilichofanya mimi ni kukaa chini na kumuuliza bibi mmoja: mgeni akija leo, utamkaribishaje bila watu wote kutia mikono kwenye kikapu kimoja? Akafikiri. Akakata jani la mgomba vipande, akaanza kugawa kwa kijiko, kila mtu na jani lake. Baada ya siku chache nyumba za jirani zikawa zinafanya vilevile. Mrija mmoja wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa watu watano ulikuwa mgumu zaidi (wanaume, mnajijua), lakini nao ukapatikana ufumbuzi: kila mtu na kikombe chake kutoka nyumbani.

Halafu kukatokea msiba. Mzee mmoja alifariki kwa ghafla, alikuwa na homa kabla. Timu ya mazishi ikaja na gari, wamevaa zile nguo nyeupe za kujikinga tangu njiani. Wanawake wakapiga yowe, vijana wakaokota mawe. Nikasimama katikati, nikawaomba wale wataalamu warudi nyuma, wavue, wasalimie, anayejua Kihaya asalimie kwa Kihaya, wafiwa wawaone nyuso, ndipo wavae tena mbele ya watu wote. Kiongozi wao alikasirika. Akaniambia nachelewesha kazi. Nilimjibu kwa adabu, ila sikusogea.

Kisha nikawageukia wafiwa. Sikurudia habari ya kutogusa, walishaisikia redioni mpaka imewachosha. Niliuliza: nani atachagua nguo ya mzee? Nani ataonyesha mahali pa kaburi kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani? Mchungaji asimame wapi ili sauti ifike? Kijana mkubwa akaleta koti la baba yake la Jumapili, timu ikaliweka ndani ya jeneza yeye akiangalia. Vijana waliookota mawe ndio waliochimba kaburi. Binti yake alitaka kumwosha, alilia sana, na sikuwa na kitu cha kumpa kilicholingana na hicho. Nilikaa naye.

Majibu ya sampuli yakarudi: mzee hakuwa na Marburg.

Hapa ndipo waelimishaji wengi hukimbia. Mimi nilirudi, kwa miguu, nikawaambia majibu kabla hawajayasikia kwa mtu mwingine. Yule binti alinitazama akasema, "Kwa hiyo ningeweza kumwosha baba." Nikamwambia ndiyo, lakini siku ile hakuna aliyekuwa anajua. Hakuninyamazia wala hakunisamehe, ila wiki iliyofuata mtoto wa jirani alipopata homa, ni yeye aliyepiga 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya.

Juni 2, mlipuko ulitangazwa kwisha: wagonjwa tisa, vifo sita. Kulikuwa na sherehe, kofia, fulana, picha. Wa kata yetu tulisikia redioni. Posho ya wiki za mwisho mpaka leo naisubiri, na aliyesimulia mbele ya wageni habari ya jani la mgomba hakuwahi kufika kwa yule bibi. Naandika bila hasira. Au basi, na hasira kidogo.

Sasa wewe wa Simiyu, na wenzako wote mnaopenda kipaza sauti kuliko benchi la jikoni: shukeni. Msiwaambie watu waache kitu bila kuwapa kingine mkononi. Mtu anayeharisha nyumbani kwao, familia ipe kazi: wachanganye ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kama pakiti inavyoelekeza, wamnyweshe kidogo kidogo hata njiani kuelekea kituoni, wachemshe maji ya kunywa, wanawe kwa sabuni. Akifa, wahudumu wa afya waite mapema, na kabla hawajafika keti na ndugu mgawane yanayobaki: nguo, sala, kaburi, nani aangalie kwa mbali. Nasema tena, wape cha kufanya.

Na siku ikiwa ni Marburg, wakikuuliza kwa nini wampeleke mgonjwa hospitali ilhali haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, wape hesabu badala ya vitisho. Biharamulo, wilaya nyingine ya Kagera, mwanzoni mwa 2025 waliugua Marburg watu kumi, na wote kumi walikufa. Wengi wao walikwisha kufa kabla mlipuko haujatangazwa. Rwanda mwaka 2024 waliugua 66, wakafa 15. Wagonjwa wengi kule walikuwa wahudumu wa afya, walitambuliwa mapema wakawahi kitandani, maji na uangalizi. Mimi hesabu hiyo huiandika kwa mkaa ukutani, kisha nanyamaza niwaache wenyewe wabishane.