Maswali ya Wasomaji: Ada Ndogo, Kanisa Kuu la Kale

SWALI: Kanisa kuu la kale ninalosali limetangaza kwamba linapokea wanachama watakaolipa ada kila mwaka, pamoja na watu wa kujitolea. Ada yenyewe ni ndogo mno, naona haitoshi kununua hata jiwe moja. Je, si afadhali nisubiri nijaliwe fedha za kutosha, nitoe mchango mmoja wa maana? Na kwa kuwa sina ufundi wowote, nikijitolea nitapewa kazi gani?

JIBU: Usisubiri. Mchango mkubwa hupokewa kwa shukrani, lakini mhazini hawezi kuupangia matumizi kabla haujafika, ilhali ada za watu wengi zinazoingia kila mwaka bila kukosa ndizo zinazomwezesha kumwajiri mwashi kwa kudumu na kukagua paa kabla ya kila msimu wa mvua. Majani yakiziba mfereji wa paa, maji hurudi nyuma na kupenya chini ya mabamba ya risasi (madini laini na mazito) yanayoezeka paa, mbao zikaanza kuoza pasipo mtu kujua. Na siku doa litakapoonekana darini, kazi iliyokuwa ya mtu mmoja mwenye ngazi na ndoo itakuwa imekwisha kuwa ya kundi la mafundi na kiunzi kizima. Wafadhili wakubwa, kwa kawaida, hupendelea vioo vya rangi na kinanda. Sijamsikia bado aliyeomba jina lake liandikwe kwenye mfereji.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, Ufaransa. Mwaka 2017 jimbo kuu lilianzisha mfuko wa marafiki wa kanisa hilo kwa sababu mawe yalikuwa yakimomonyoka na fedha za ukarabati zilikuwa zikipatikana kwa taabu. Moto ulipozuka tarehe 15 Aprili 2019, ahadi za mamia ya mamilioni ya euro zilitolewa katika muda wa siku chache, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Ukarimu huo haustahili kubezwa hata kidogo, ila ulikuja baada ya paa la mbao za karne nyingi kuteketea.

Huko Köln, Ujerumani, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Ujenzi wa kanisa kuu la mji huo ulianza mwaka 1248, ukasimama katika karne ya 16, na jengo likabaki nusu kwa takribani miaka 300. Mwaka 1842 wananchi waliunda chama cha kulikamilisha, wakachangishana kwa muda mrefu huku serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyoutawala mji huo wakati ule, nayo ikitoa fungu lake, hadi kazi ikakamilika mwaka 1880. Chama hicho hakikuvunjwa baada ya hapo, na mpaka leo kinachangia gharama za matunzo. Nchini Uingereza, chama cha marafiki wa kanisa kuu la Canterbury kilianzishwa mwaka 1927 chini ya George Bell, aliyekuwa mkuu wa kanisa hilo, na makanisa makuu mengine yakafuata mfano huo.

Kabla ya kulipa, omba kuisoma katiba ya chama na hesabu zake zilizokaguliwa, ili ujue kama ada inakwenda kwenye jengo au kwenye uendeshaji wa ibada, na kama wanachama wana kura katika mkutano mkuu. Utaahidiwa pia jarida, kiingilio cha bure na pengine hafla ya mwaka. Kwa maoni yangu, manufaa hayo yakizidi ni jambo la kutilia shaka, kwa kuwa gharama yake inatoka katika ada hiyo hiyo.

Kuhusu kujitolea, kukosa ufundi si kikwazo. Kuna kupokea wageni na kuwaongoza, kutunza maktaba, kushona mito ya kupigia magoti, kupanga maua na kufuta vumbi. Hiyo ya mwisho huonekana nyepesi kumbe ina masharti yake: kitambaa kilicholowa hakiruhusiwi kwenye jiwe la chokaa, kwa sababu maji huubeba uchafu na kuuingiza katika vitundu vya jiwe, hutumika brashi laini, inayosukuma vumbi kuelekea mdomo wa mashine ya kulifyonza, na palipo na rangi ya kale inayobanduka hakiguswi chochote hadi mtaalamu aitwe. Ndiyo maana siku za kwanza utafundishwa tu. Ukuta nao usiuguse hata ukiona ufa ambao ungeweza kuuziba mwenyewe: saruji ya kisasa huzuia unyevu usitoke katika ukuta uliojengwa kwa chokaa, na jiwe lenyewe ndilo linaloanza kumeguka.

Ukizoea, utakuwa na kitu ambacho hakinunuliki, yaani kulijua jengo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kanisa kuu la St Paul's mjini London lililindwa usiku na kikosi cha watu wa kujitolea waliozifahamu ngazi na njia zake za ndani. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 bomu la moto lilinasa katika mabamba ya risasi yaliyofunika kuba, kisha likadondokea nje kwenye ushoroba wa mawe, na likazimwa hapo.

SWALI: Mimi si wa dhehebu hilo, wala si muumini. Je, nitakubaliwa?

JIBU: Kwa kawaida ndiyo. Vyama vingi vya namna hii humpokea yeyote anayekubali lengo la kulihifadhi jengo, ingawa kazi za madhabahuni huachiwa waumini. Uliza mapema ni zipi, ili usijiandikishe kwenye zamu ambayo baadaye utalazimika kuiacha.