Mama, juu ya ile garanti yako

Mama, binti yangu, ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea kwa sauti akiwa anatwanga sombe. Unauliza ukitoka mu ile nyumba ya Bel-Air, na wale wasichana wawili wanabaki, garanti yako (feza ya dhamana mliyotoa mkiingia) utaidai kwa nani, kwa bayere (mwenye nyumba) ao kwao. Hiyo njo swali. Ya kama mmoja anaoga maji uliyochota wewe, na mwingine kashi pawa (umeme wa kulipia mbele) ikiisha anakaa mu giza mpaka wewe ununue, hiyo umeandika kama habari tu, lakini mimi naona hiyo njo barua yenyewe.

Garanti nikuambie mbio mbio. Sheria ya Kongo ya 2015 inasema nyumba ya kulala garanti isipite miezi tatu, bayere wenu alichukua sita na mkanyamaza juu mliogopa nyumba itaenda, haya. Lakini mu hii mji ya Lubumbashi bayere anarudisha franga siku nyumba iko wazi na funguo ziko mu mkono wake, si siku mmoja kati ya watatu anabeba godoro. Usimalize sauti kwake. Yule atakayeingia mu chumba chako njo akupe sehemu yako, mkononi, na muandike karatasi mbele ya bayere, sinyatire za wote.

Sasa swali ambalo hukuuliza. Nani anashika franga ya nyumba? Juu kila siku nawaambia, wewe na yaya yako (mkubwa wako) mnacheka: franga ya watu watatu haikai mu mfuko wa mtu mmoja.

Ile nyumba ya Kamalondo unaijua, nilikuwa nawaonyesha tukienda kuangalia Mazembe. Tulikaa pale vijana watatu, mbele nimuoe mama yako, 1993, wakati bei ya unga ya asubuhi haikuwa ya jioni. Mkubwa wetu (jina naliacha, mnamjua, alikula hata ku arusi ya shangazi yako) njo alikuwa anashika franga ya kodi. Mimi nikilipwa ku garaji nampa siku ileile, juu zaire (feza ya inchi wakati ule) ikilala kwako inaamka karatasi. Kumbe yeye akizipata anakimbia kwa bakambisti, anabadilisha dola, anatulia. Mwezi ukiisha anauza dola kidogo tu, zinatosha kurudisha zaire ileile tuliyompa, njo analipa bayere. Dola zilizobaki, zake. Na bayere akawa anatuangalia sisi wote kama wezi, juu kodi ya tarehe moja inamfikia mwezi unaisha, haiwezi tena kununua kitu.

Siku moja, mwezi unaisha, nikamuuliza mbele ya mwenzetu. Hakukasirika hata. Akatoa boksi ya maziwa chini ya kitanda, akapanga mabunda ku mukeka, yamefungwa na mipira ya chambre ya kinga (baisikeli), akaniambia: "Hesabu." Nikahesabu. Zilikuwa zote! Hakuna hata noti moja iliyopungua, mama, hata moja, na mimi nimechuchumaa pale na vidole vichafu vya franga, mwenzetu ananiona kama mtu wa maneno mingi. Mwizi anayekurudishia noti zako zote utamshitaki wapi? Mwezi wa kumi ile mwaka serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, watu wakalia, mimi nilisema sasa angalau kila mtu anajua nilichokuwa najua.

Lakini ngoja. Ni yuleyule aliyenibeba ku kinga mpaka hospitali ya Sendwe malaria iliponiangusha, usiku, na maaskari walikuwa mu barabara. Na bitoyo (samaki ya chumvi) akinunua haikuwa ya kufichafichana. Mama yako anasema alikuwa mjanja tu, na kama hiyo akili ingenijia mimi mbele yake, ningefanya vilevile. Apana. Kusema kweli, franga yangu ningeibadilisha, ndiyo. Ya wengine apana. Sijui, acha nisiape. Ila nabaki pale pale: franga ya watu watatu haikai mu mfuko wa mtu mmoja, hata mfuko wa mtu muzuri.

Kutoka kwangu, hiyo naikumbuka na furaha, mama yako anasema ni aibu. Nilihama mchana wote wako kazini. Mbabula (jiko ya makala) ilikuwa yangu, na makala ya ile asubuhi nilinunua mimi, sikuona juu ya nini nizime moto niwaachie. Nikaifunga na waya ku kinga ikiwa bado nyekundu, nikapita avenue nzima cheche zinaruka, watoto wanakimbia nyuma wanapiga kelele. Kule nyumbani niliacha sufuria ya mayi ya bukari (ugali) chini ku simenti, unga pembeni, mwiko juu yake, kila kitu sawasawa, moto tu hakuna.

Sasa usichukue hii kama ruhusa ya kubeba kashi pawa. Mama yako anataka uwaambie wale wasichana uso kwa uso, na pengine yule wa giza hana franga kabisa na anaona haya, umeshamuuliza? Mimi sisemi hama, sisemi bakia, wewe ni mtu mkubwa, unatumika, unajua kesi ya nyumba yako. Ila mjomba wako gari lake halina kazi jumamosi, nimeshamwambia pengine litahitajika, yeye ameshaweka mafuta. Mjibu mbele ya alhamisi, juu akikaa bila jibu atalikodisha.

Papa