Kabla hujaandika "transgression" kwenye barua ya kazini

Watu huniletea barua zao za Kiingereza nizipitie kabla hazijatumwa, na neno hili halikosi kujitokeza. Juzi kijana kachelewa kazini kwa foleni, kaandika: "I apologise for my transgression." Nikamwambia bosi akisoma hivi ataanza kukagua sanduku la fedha.

Asili ya neno ni Kilatini: kupiga hatua ukavuka ng'ambo. Kwa hiyo lazima pawe na mpaka unaojulikana, uwe sheria, amri ya Mungu, mila au kiapo, na mtu auvuke. Foleni ya asubuhi haina mpaka wa namna hiyo.

Nadhani tunateleza kwa sababu "kosa" letu linabeba kila kitu, kuanzia herufi iliyorukwa hadi dhambi. Isaya 53:5 kwenye Biblia ya Union Version inasema "alijeruhiwa kwa makosa yetu"; ile ya King James ya mwaka 1611 inasema "transgressions". Mwanafunzi aliyelelewa kanisani akikutana na yote mawili, anahitimisha kwamba kila kosa ni transgression. Kumbe Kiingereza kimegawa kazi: mistake ni la bahati mbaya, breach ni la mkataba, violation ni la kanuni, offence mara nyingi ni la kisheria. Transgression linabaki kwa maadili na dini, na lina harufu ya mimbari.

Wakubwa wa dunia wanalijua vizuri. Desemba 2009, Tiger Woods, mcheza gofu maarufu wa Marekani, alipobanwa na habari za ndoa yake, taarifa aliyoiweka kwenye tovuti yake ilisema anajutia "transgressions" zake. Neno zito kama ungamo, na bado hukuambiwa kafanya nini! Ukilikuta kwenye taarifa ya mwanasiasa, tafuta kilichofichwa nyuma yake.

Kisarufi, ukisema "transgression of" kinachofuata ni sheria iliyovunjwa; ukisema "transgression against", aghalabu anayefuata ni aliyekosewa. (Wanajiolojia nao wanalo: bahari ikipanda ikafunika nchi kavu huiita transgression, na hapo hakuna mwenye dhambi.)

Yule kijana tulimwandikia upya: "I am sorry I was late on Monday. The report is now on your desk."