Njia ya akiba: kwa mnaoanza kazi ya mtandao wa simu Kanda ya Kati

Wadogo zangu mnaoanza zamu kwenye mitandao ya simu huku Dodoma na Singida, itifaki (kanuni za vifaa kuwasiliana) mmetoka nazo vyuoni, na wengi mnazijua vizuri. Mimi nataka kuwaambia kuhusu njia ya akiba, yaani njia ya pili inayoshika kazi njia kuu inapokufa. Siku ruta (kifaa kinachoelekeza trafiki, yaani data na simu za wateja) ya kituo kikubwa ikizima saa nne asubuhi, mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa atamlipa mkulima kwa simu au atamwambia asubiri. Kinachoamua ni kazi iliyofanyika miezi mingi nyuma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki kwenye kompyuta.

Anzeni na ardhi. Kwenye mchoro mtaona ringi nzuri, yaani mzunguko: faiba (kebo ya nyuzi za kioo) moja inakwenda mashariki, nyingine magharibi. Mchoro hauwaambii kama faiba zote mbili zinatoka jengoni kupitia tundu moja na kulala kwenye mtaro uleule mpaka nje ya mji. Na Dodoma inachimbwa kila siku: barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato. Katapila likipita kwenye mtaro huo, njia kuu na ya akiba zinakufa pamoja. Ombeni gari, ifuateni njia yote kwa macho yenu, andikeni kila daraja.

Madaraja nayataja kwa sababu. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Dumila. Faiba nyingi hufuata barabara, kwa hiyo maji yakibomoa kingo za daraja yanaondoka na kila kilichopita hapo, hata kama ni mali ya kampuni mbili tofauti. Kukodi njia kwa kampuni nyingine hakukupi njia nyingine mpaka umeiona ramani yao. Kama mnataka kufika Dar es Salaam bila kupita Dumila, tazameni kusini kupitia Mtera na Iringa, au kaskazini kupitia Kondoa na Babati. Mtaambiwa ni mbali mno. Mwanga ndani ya faiba hutumia kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Nyongeza hiyo mteja anayepiga simu haisikii kabisa, ila kukatika anakusikia. Hata baharini ni hivyohivyo: Mei 12, 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, na intaneti ikayumba nchi nzima.

Jambo la pili ni kugundua mapema kifo cha nodi, yaani kifaa cha mtandao kama ruta. Ruta mbili zikiwa na vifaa vya maikrowevu (redio za mnara kwa mnara) katikati, taa ya bandari (tundu la kuchomekea kebo) huku inabaki kijani hata kama ruta ya upande wa pili imezima. OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kujulishana njia, kwa mpangilio wake wa kawaida kwenye Etheneti husubiri sekunde 40 ndipo iamini kwamba jirani hayupo. Kwa mtu aliye katikati ya maongezi, hizo ni simu iliyokatika. Ndiyo maana tunawasha BFD, itifaki ya kupima kama jirani yu hai: pakiti ndogo kila milisekunde 50, zikikosekana tatu mfululizo trafiki inahama. Lakini msiige namba hizo kila mahali. Kwenye maikrowevu ya masafa ya juu, mvua kubwa za Januari hudhoofisha mawimbi, na kipimo kikali hivyo kitaifanya njia ife na kufufuka mara kwa mara usiku kucha. Hapo milisekunde 300 zinatosha, na mtandao unatulia.

Sasa uwezo, na hapa naomba mnisikilize sana. Njia mbili, kila moja imejaa asilimia 60 saa za jioni. Kwenye ripoti zote zinaonekana nzima. Moja ikifa, iliyobaki inadaiwa kubeba asilimia 120, na hapo hakuna akiba tena, kuna njia mbili zilizozidiwa. Zikipita asilimia 50 saa yenye shughuli nyingi, andikeni ombi la kuongeza uwezo siku hiyohiyo. Wakati mnasubiri, pangeni vipaumbele: ishara za mtandao (ujumbe ambao vifaa hutumiana kupanga simu) na sauti zitangulie, video zifuate. Miamala ya pesa kwa menyu ya nyota husafiri na ishara hizo, nayo ndiyo inayolipa nauli na dawa.

Kumbukeni kwamba si ruta peke yake inayokufa. Mnara wa 4G unaweza kuunganishwa na MME (mtambo unaosajili simu za 4G) zaidi ya moja kwa pamoja, basi uunganisheni. MME moja ikianguka, simu zilizokuwa chini yake hujisajili upya karibu kwa mkupuo. Ile inayobaki lazima iwe na nafasi ya kuzipokea, la sivyo nayo itaanguka kwa wingi wa maombi.

Kisha jaribuni. Ombeni kibali, chagueni usiku, wekeni fundi kila upande, halafu zimeni nodi yenyewe. Kushusha bandari kwa amri hakutoshi, maana bandari iliyoshushwa hutoa taarifa na nodi iliyokufa haitoi. Msiridhike na skrini ya alamu. Mtu awe chini ya mnara Bahi au Manyoni na simu mkononi: apige, aangalie salio, afungue ukurasa. Rudieni kila baada ya mabadiliko makubwa.

Mwisho angalieni nodi inavyorudi kazini. Ruta iliyowashwa upya hujitangaza kwa majirani kabla haijajifunza njia zote, na trafiki iliyoikimbilia inapotea humo. Iwekeeni mpangilio wa kujitangaza kwa gharama kubwa mara inapowaka, ili majirani waikwepe, mpaka BGP na LDP, itifaki zinazoijulisha njia, zimalize kazi. Dakika tano au kumi zinatosha kwa vituo vingi. Trafiki ikae njia ya akiba muda huo wote, na mtu wa zamu asiharakishe kuirudisha kwa mkono.