Jibu: Kuandikisha waathirika wa maporomoko ya udongo kwa utafiti wa miaka 5

Ndugu, umeuliza kama orodha ya waliopokea misaada baada ya maporomoko ya Itezi, Mbeya, Aprili 2024 inatosha kupata washiriki. Haitoshi. Huwa inawaacha wapangaji na waliohamia kwa ndugu mapema, na pengine hao ndio walioumia zaidi. Anza na daftari la wakazi la mtaa, kisha pita na balozi wa nyumba kumi, nyumba kwa nyumba, umuulize nani alikuwa akiishi pale kabla ya tukio. Andikisha pia kaya za mtaa jirani usioguswa, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Kibali cha maadili ya utafiti kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kiwe mkononi kabla ya barua za mkoa, halmashauri na kata.

Idadi: ukihitaji watu 400 mwaka wa 5, na ukipoteza asilimia 10 kila mwaka, anza na 680 hivi. Wengi hupotea kwa sababu ya laini za simu kubadilishwa. Chukua namba 3: yake, ya ndugu aliye mji mwingine, na ya jirani.

Mwenyekiti wa mtaa atambulishe timu tu, asikae pale watu wanapoombwa ridhaa ya kushiriki; mbele yake watu huona aibu kukataa. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Semeni wazi kwamba hii si fidia wala kiwanja. Damu mkiihitaji, onyesheni kichupa chenyewe, maana uvumi kuhusu damu hauchelewi.

Ziara za marudio ziwe Julai hadi Septemba. Novemba kila mtu yuko shambani.